Usawa na Nani? Kumsoma Jeevanjee kutoka Ndhiwa

Msimu wa kampeni ukianza Ndhiwa, kuna hoja moja utakayoisikia kwa kinyozi, kwa stage ya boda na kwenye harambee ya kanisa: "Huyu tayari ana pesa zake, hawezi kuiba zetu." Ni hoja isiyoombwa ushahidi. Mgombea akiwa na petroli stesheni, matrekta ya kuvuta miwa na nyumba ya ghorofa mjini Homa Bay, nusu ya kampeni yake imeshafanyika. Kwa Dholuo mwenye mali ni jamoko, na kiongozi ni jatelo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kutoka jamoko hadi jatelo ni kuvuka barabara tu.

Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute kitabu cha Zarina Patel, *Challenge to Colonialism*, kilichotoka mwaka 1997. Kinahusu maisha ya babu yake, Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi aliyegeuka mwanasiasa katika Kenya ya wakoloni. Nilitaka kumwona jamoko wa kwanza kabisa, yule aliyeingia siasa kabla nchi haijaitwa Kenya, nione pesa yake ilimfanyia nini na ilitufanyia nini sisi.

Jina lake unalijua hata kama humjui mwenyewe. Ukiwa Nairobi umewahi kumwambia mtu, "Tupatane Jeevanjee." Umekaa pale kwenye benchi ukisubiri interview, au umepita katikati ya wahubiri na mafundi wa kupiga picha, au umesimama ukisikiliza wale wa Bunge la Mwananchi wakibishana kuhusu bajeti kuliko wabunge wenyewe. Watu wengi hudhani Jeevanjee ni jina la mahali tu, kama Kencom. Kumbe ni jina la mtu aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, akafanya biashara hadi Australia, kisha akafika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati Kampuni ya Imperial British East Africa inatafuta watu wa kuihudumia.

Utajiri wake ulitokana na kandarasi. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, walihitaji mikono na walihitaji chakula cha hiyo mikono. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwalisha. Kwa jumla walikuja karibu vibarua 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwenye kazi hiyo. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Jeevanjee naye akabaki, akajenga majengo mengi ya mwanzo ya Nairobi, akawa mtu ambaye serikali yenyewe inamkodi na kumlipa.

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu vitabu vya maisha ya matajiri huwa na haraka ya kufika kwenye ushujaa. Kitabu cha Patel kina jina kubwa, jina linalosema mtu huyu aliupinga ukoloni. Lakini mtaji wa mpingaji ulitoka kwenye reli, na reli ndiyo iliyobeba ukoloni wenyewe mgongoni. Bila ile reli hakungekuwa na masetla wa kumnyima Jeevanjee shamba. Silaumu mtu kwa kuzaliwa wakati fulani na kufanya kazi iliyokuwepo. Ninachosema ni kwamba huyu hakuanza kama mpinzani wa serikali, alianza kama mshirika wake wa biashara, na ugomvi wao ulianza pale mshirika mmoja alipoona mwenzake anamnyima haki yake kwenye mgao. Ukiwa na picha hiyo kichwani, siasa yake yote inasomeka vizuri zaidi.

Chukua habari ya gazeti. Mwaka 1901 Jeevanjee alianzisha gazeti Mombasa, *African Standard*, akamwajiri mhariri Mwingereza. Miaka minne baadaye akaliuza kwa wazungu wawili, nao wakaliita *East African Standard*. Kwa miaka mingi baada ya hapo gazeti hilo lilikuwa sauti ya masetla, hao hao waliokuwa wakisema Mhindi asipewe ardhi, asipewe kura, asiruhusiwe kuingia nchini ovyo. Ndilo tunaloliita *The Standard* leo. Jeevanjee alikuja kuhitaji gazeti kuliko kitu kingine chochote, na gazeti alilolizaa mwenyewe lilikuwa upande wa pili wa meza.

Kwangu mimi hicho ndicho kisa chenye mafunzo makubwa zaidi katika maisha yake. Mfanyabiashara anakitazama kitu na kuuliza bei yake leo, ilhali mwanasiasa anauliza kitu hicho kitakuwa mikononi mwa nani kesho kutwa. Mwaka 1905 Jeevanjee bado alikuwa mtu wa swali la kwanza, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kuuza mali yake. Sasa fikiria ukiwa na mbunge ambaye bado anaishi ndani ya swali hilo la kwanza, na kilicho mikononi mwake si gazeti lake, ni kiwanja cha soko chenu.

Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani, na ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria. Bustani na sanamu zilikuja pamoja, nami naziona kama ujumbe wa mtu aliyekuwa akisema: mimi ni raia wa dola hii kama nyinyi wazungu, tazameni, hata malkia wenu nimemheshimu. Ndiyo lugha aliyoitumia kwa miaka mingi. Hakuikana himaya. Aliiomba itimize ahadi yake kwamba raia wake wote ni sawa.

Mwaka 1909 akateuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, lililoanza kukutana mwaka 1907. Alikuwa mtu wa kwanza asiye mzungu kukaa mle ndani. Ni jambo kubwa, hata mimi mwenye kinyongo nakubali. Lakini tuangalie neno lenyewe: aliteuliwa, hakuchaguliwa. Alikuwa sauti moja kati ya watu ambao hawakumtaka, na muda wake ulipoisha hakukuwa na haraka yoyote ya kumtafuta Mhindi mwingine. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alikuja kuingia kwenye baraza hilo mwaka 1944, miaka 35 baada ya Jeevanjee.

Na alipigania nini hasa? Kubwa ilikuwa ardhi ya Nyanda za Juu, ambayo serikali ilikuwa imeamua kuwatengea wazungu peke yao. Mwaka 1910 alikwenda London akasema na gazeti la huko. Alilalamikia ubaguzi, na akaenda mbali kiasi cha kupendekeza kwamba sehemu hii ya Afrika iunganishwe na India na kutawaliwa kutoka huko, ili katika miaka michache iwe India ya pili. Mwaka 1912 akachapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa walioasisi kongamano la Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1915 serikali ikapitisha sheria ya ardhi iliyowapa masetla mikataba ya miaka 999. Mwaka 1923, akiwa mzee, alikuwa tena London na ujumbe wa Wahindi wa Kenya.

Yale maneno ya 1910, kuhusu India ya pili, mimi kama mtu wa Ndhiwa siwezi kuyaruka. Siku hizo Kanyamwa ilikuwa chini ya Gor Mahia, yaani Gor mwana wa Ogada, mganga na kiongozi ambaye leo unalijua jina lake kwa sababu ya timu. Alikuwa hai, akiongoza watu wake, akijua mto wa Kuja unafurika lini. Mfanyabiashara kutoka Karachi anasimama London na kusema nchi hii ipewe India, na hapo kuna mtu na watu wake ambao hawamo kwenye sentensi hiyo hata kama mkato. Mzungu alisema ardhi ni yangu. Mhindi akasema hapana, ni yetu sote wawili. Wenye nyumba walikuwa nje, wanasikia kelele tu.

Ndiyo maana nauliza: usawa na nani? Kichwa kidogo cha kitabu cha Patel kinazungumzia haki sawa katika Kenya. Lakini usawa aliouomba Jeevanjee kwa sehemu kubwa ya maisha yake ulikuwa usawa na mzungu, si usawa na sisi. Alitaka kupandishwa, hakutaka ngazi ivunjwe.

Mwisho wa mchezo huo ulikuwa kichekesho chungu. Waraka wa Devonshire wa 1923 ulisema kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo yatakayotangulia. Wahindi wakapewa viti vitano vya kuchaguliwa, wazungu kumi na moja, na Nyanda za Juu zikabaki za wazungu. Na huyo Mwafrika ambaye maslahi yake yametangulia? Akateuliwa mmisionari mzungu wa kumsemea. Bwana, hata leo ukisikia mwanasiasa akisema "mwananchi kwanza," tafuta kwanza mwananchi huyo amekaa kiti gani.

Kusema ukweli, si haki kumsoma Jeevanjee kama kwamba Wahindi wote walikuwa yeye. Manilal Desai, ambaye Patel pia amemwandikia kitabu, alimfungulia Harry Thuku mlango wa ofisi na mashine za gazeti lake mapema miaka ya 1920. Makhan Singh, ambaye Patel amemwandikia kitabu kikubwa zaidi, aliunganisha wafanyakazi Waafrika na Wahindi na akafungwa miaka mingi na serikali. Ukivisoma vitabu hivi vitatu pamoja unaona kitu ambacho kimoja peke yake hakikuonyeshi. Desai alikuwa mtu wa ofisi na kalamu. Singh alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Yule tajiri kuliko wote ndiye aliyechelewa zaidi kutuona. Sisemi ni sheria ya dunia, lakini si bahati mbaya pia. Mwenye ghala hujua kwanza matatizo ya wenye ghala.

Sasa kuhusu Patel mwenyewe. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza Bustani ya Jeevanjee kuwa jengo na maegesho ya magari. Ilikuwa enzi za Moi, na watu wengi walijifunza kunyamaza. Patel hakunyamaza. Aliongoza kampeni ya kuiokoa bustani, watu wakamuunga mkono, na bustani ikabaki. Miaka sita baadaye kitabu kikatoka. Mimi nakisoma kama mtoto wa vita vile. Ndiyo maana babu ndani yake ni mkubwa: alihitajika awe mkubwa, kwa sababu jina lake lilikuwa ngao ya ekari tano za nyasi katikati ya jiji lenye njaa ya viwanja.

Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo, na udhaifu wake uko hapo hapo. Nguvu, kwa sababu Patel anaandika kama mtu anayejua kwamba historia ikisahaulika, kesho yake mtu anakuja na tingatinga. Bila yeye tungekuwa na jina la bustani na hatuna mtu. Udhaifu, kwa sababu jina la kitabu limebeba mzigo mkubwa kuliko maisha yanayosimuliwa. Aliyeupinga ukoloni kwa ajili ya wote, tena akiwa na kitu cha kupoteza, ni mjukuu zaidi ya babu. Babu alidai nafasi yake. Mjukuu alitetea nafasi ya mtu asiyemjua, ambaye ni wewe uliyekaa kwenye benchi.

Ningependa kitabu hiki kisomwe pamoja na kingine, cha mfanyabiashara wa kwetu Nyanza: *Not Yet Uhuru* cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichotoka 1967. Watu husahau kwamba Jaramogi naye alipitia biashara kabla ya siasa kubwa. Mwaka 1947 aliacha ualimu akaingia kwenye shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, na mojawapo ya sababu ilikuwa kuona kwamba kila duka la maana Nyanza ni la Mhindi, na Mjaluo ni mteja tu. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na maduka yalifuata. Mashamba ya miwa ya Kibos na kiwanda cha Miwani, kilichoanza 1922, vilijengwa kwa jasho na mtaji wa Wahindi. Ukiona leo miwa inapepea hadi Ndhiwa, ujue mizizi yake ya biashara imetoka huko.

Tofauti kati ya Jeevanjee na Jaramogi haiko kwenye roho safi na roho chafu. Iko kwenye mtaji. Pesa ya Jeevanjee ilitoka kwenye kandarasi za serikali, kwa hiyo aliposema, alisema kwa niaba ya mfuko wake na ya wafanyabiashara wenzake. Pesa ya Jaramogi ilitoka kwa hisa ndogo ndogo za walimu, makarani na wafanyakazi wa reli, alizozitafuta kutoka Kisumu hadi miji ya mbali ambako Wajaluo walikuwa wakifanya kazi. Kila mwenye hisa alikuwa na haki ya kumuuliza pesa yangu iko wapi. Alipoingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, safari hii kwa kuchaguliwa, alikuwa ameshafanya mazoezi ya kuulizwa kwa miaka kumi.

Jaramogi naye hakuwa malaika, na shirika lenye jina la kabila lina mipaka yake kwenye jina lenyewe. Lakini alijua kushirikiana. Pranlal Sheth, mwanasheria na mwandishi Mhindi aliyekuwa karibu naye kwenye siasa na uchapishaji wa Kisumu, alifukuzwa nchini na serikali ya Kenya huru mwaka 1966, wakati Jaramogi mwenyewe anasukumwa nje ya chama. Kwa hiyo ile hadithi rahisi ya Mhindi mwenye duka na Mwafrika mwenye hasira haitoshi. Kisumu yenyewe imeikataa kwa kura: Shakeel Shabbir, aliyekuwa meya wa mji huo, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2007, na mwaka 2017 akarudi bungeni bila chama, kama mgombea huru, nyumbani kwa ODM. Mwaka huo huo wa 2017 serikali ikatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Mjaluo wa Kisumu alikuwa ameshaamua miaka kumi kabla ya serikali.

Turudi kwa ile hoja ya kinyozi, kwamba mwenye pesa zake hawezi kuiba zetu. Maisha ya Jeevanjee hayaiungi mkono wala hayaikatai moja kwa moja. Yanaonyesha kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. Sina sababu ya kudhani kwamba Jeevanjee aliingia barazani kuiba. Na pesa yake ilimpa kitu ambacho karani hakuwa nacho: aliweza kumjibu gavana bila kuogopa kufutwa kazi, aliweza kupanda meli hadi London kulalamika. Hiyo ni faida ya kweli, na mgombea tajiri wa leo anayo pia. Tatizo halikuwa wizi. Tatizo lilikuwa kwamba alipotazama nchi, aliona kwanza kile kilichomzuia yeye.

Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakuacha nje ya sentensi. Tajiri wa matrekta akienda bungeni hatahitaji kuiba ili kukuumiza. Inatosha akiona bei ya kusafirisha miwa kama tatizo la taifa, na malipo ya mkulima yanayochelewa kama jambo la subira. Atasimama, atapaza sauti, atapigana kweli kweli, na vita hivyo havitakuwa vyako.

Kwa hiyo kijana wa Kabuoch au Kanyadoto akiniuliza amuulize nini mheshimiwa mtarajiwa, simwambii aulize pesa umetoa wapi, ingawa hilo nalo ni swali. Namwambia aulize: unaposema unataka haki yetu, unataka tulingane na nani? Ulizoea kuulizwa na nani kabla ya leo? Na kitu gani chako utatuachia ambacho hutaweza kukiuza mwaka wa nne?

Kwa swali hilo la mwisho, Jeevanjee anashinda wengi wa wagombea wetu, na kitabu cha mjukuu wake kinastahili kusomwa hata kwa hilo tu. Alifariki Nairobi mwaka 1936, utajiri wake mwingi ukiwa umeshapukutika. Gazeti alishaliuza. Nyanda za Juu hakuzipata. Ile sanamu ya malkia iliharibiwa na watu mwaka 2015. Ekari tano alizozitoa bado zipo, na hakuna anayekuuliza kabila ukitaka kukaa.